Kichwa Kimoja Kimeingia Maji

Mafiga, Morogoro
16 Septemba 1997

Mdogo wangu Cecilia,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia moyoni kabla hujafungua bahasha. Huku hatujambo. Kiwanda bado kimefungwa, mwekezaji bado anazitazama mashine zetu kama mtu anayechagua mbuzi mnadani, na mimi bado ni mlinzi wa hii zahanati ya binafsi. Siku hizi kila kitu ni huria, hata njaa. Lakini usinicheke. Bila rungu hili la ulinzi usingepigwa ile picha ya tumbo upesi namna ile.

Majibu yametoka. Nimekaa na daktari wa picha, yule anayekuja kutoka Dar, nikamwomba anieleze polepole kama anayemweleza mtu wa milimani. Akacheka, akasema yeye mwenyewe ni wa Upare. Haya ndiyo maneno yake, sijatia chumvi.

Mtoto anacheza, moyo unapiga, uti wa mgongo umenyooka. Upana wa kichwa unalingana na umri wa mimba. Kilichomsimamisha daktari kiko ndani, kwenye ubongo. Anasema ubongo wa kila mtu, wako na wangu, una vyumba vidogo vya maji, kushoto na kulia. Maji yale si ugonjwa. Ugonjwa ni yakikosa njia ya kupita, yakajaa. Kwa hiyo wanapima upana wa chumba, na chumba cha mtoto aliye tumboni hakitakiwi kufika milimita kumi. Cha mwanao ni kumi na mbili.

Nikamuuliza kama basi ndiyo yaleyale ya Raphael. Akauliza Raphael ni nani. Nikamweleza habari za mwanao wa kwanza, kichwa kilivyokua mpaka shingo ikashindwa kukibeba, na tulivyomzika kabla hajajua kukaa. Daktari akasema hawezi kuapa. Wengi wenye kumi na mbili huzaliwa wazima, na namba ile haikumbukwi tena na mtu. Wachache hapana. Picha moja haimalizi maneno. Inatakiwa nyingine, mwishoni mwa Novemba, waone kama chumba kimebaki palepale, kimepungua au kimetanuka.

Nimeuliza kama kuna dawa ya kumeza wakati huu wa kungoja. Anasema hakuna, dawa ni kupima tena.

Najua utakavyoisoma barua hii. Utaikunja, utakwenda kumwagilia karoti. Mwagilia, sikatazi, lakini mwezi wa kumi na moja uje. Mimi ndiye mjomba wa huyo mtoto, na kwetu Uluguruni mjomba si mtu wa kutumiwa salamu tu.

Kaka yako,
Jastin


Nyandira, Mgeta
21 Septemba 1997

Kaka Jastin,

Shikamoo. Barua nimeipata. Twalibu aliniletea mwenyewe shambani kabla ya kupakia lori lake, kwa hiyo nimeisoma peke yangu, nimekaa kwenye ukingo wa tuta. Halafu nimekwenda kumwagilia karoti. Umenijua.

Jioni niliazima rula kwa mwalimu jirani. Milimita ni vile vistari vidogo. Vilivyozidi ni viwili. Nimevitazama sana na sikusikia kitu ndani yangu, si hofu, si huzuni. Niliona tu kwamba ni vidogo mno kwa kazi viliyopewa.

Sasa nisikilize. Humu ndani barua husomwa mbele ya watu wote. Ikifika, Bonifasi husimama nayo mlangoni akaisoma kwa sauti, na mama mkwe anasikiliza akiwa mekoni. Ndiyo desturi yao, wanasema barua ya kufichwa ni barua ya ugomvi. Na mama mkwe hajanisamehe Raphael. Alisema mbele ya mashemeji zangu kwamba kwa kuwa mtoto ni wa lukolo, ukoo wa mama, basi na ugonjwa wake ni wa ukoo wa mama, na kikija kichwa cha maji cha pili nitarudishwa kwetu na mwanawe aoe kwingine. Bonifasi hakujibu. Mume wangu kunyamaza ndiyo kazi yake ya pili baada ya kilimo. Habari ya picha hawaijui. Wanajua nilikuja kukusalimia.

Kwa hiyo ukitaka kuniambia lolote la mtoto, andika kabichi. Kila wiki nakutumia kabichi uniuzie, hakuna atakayeshangaa. Andika kichwa fulani kizuri au kichwa fulani kibaya, mimi nitaelewa.

Novemba nitakuja. Nitasema nimefuata mbegu.

Ile kofia ya sufu niliyomfumia Raphael, ikaja ikamkataa, nimeifumua. Sufu nimeiviringa, nimeiweka juu ya kabati. Usiniulize ni ya nini, sifumi kitu.

Karoti zimeshuka bei tena. Wachuuzi wa Dar siku hizi wanakuja na bei yao mfukoni, sisi tunaambiwa tu.

Mdogo wako,
Cecilia


Mafiga
28 Septemba 1997

Cecilia,

Nimeelewa. Kuanzia leo mimi ni bwana kabichi, na mtu akiniuliza habari za watu nitamjibu habari za mboga.

Neno moja tu kabla sijaingia kwenye ubwana wangu, na hili nimemwambia Twalibu akupe mkononi. Rudisha rula ya mwalimu. Haina faida kukaa nayo.

Jastin


Nyandira
28 Novemba 1997

Kaka,

Shikamoo. Nimefika salama. Mvua ilitukuta njiani, hii wanayoiita Elinino, na mara kwa mara tulishuka kwenye lori tukatembea nyuma yake kwa sababu barabara inamung'unywa pembeni. Twalibu anasema ikiendelea hivi hatapanda tena.

Yule dada aliyenipiga picha ya pili alisema majibu atayasoma daktari akija kutoka Dar. Alipokuwa ananipaka ile dawa ya baridi tumboni niliutazama uso wake nione kama kuna kitu. Hakukuwa na kitu. Labda wamefundishwa. Ulisema utaniandikia daktari akishasoma, basi nangoja habari za kabichi.

Miguu imevimba, kwa hiyo mzigo wa wiki hii ameupakia Bonifasi peke yake. Mimi hata sikuuona. Anakusalimu.

Cecilia


Mafiga
3 Desemba 1997

Mdogo wangu,

Twalibu amewasha injini, anataka kupanda kabla mvua haijashuka, naandika juu ya boneti. Samahani kwa mwandiko.

Mzigo umefika. Vichwa vidogo vyote vizuri, vimekwenda siku hiyohiyo. Ila kile kikubwa kimeingia maji. Kwa nje kizuri kabisa, ungesema mfalme, lakini nilipokikata ndani kimeoza chote, hakuna cha kuokoa. Nimekitupa. Hasara ya mvua hii, tufanyeje.

Wasalimie wote.

Jastin


Nyandira
8 Desemba 1997

Kaka Jastin,

Shikamoo. Barua yako Bonifasi ameisoma mlangoni, kama kawaida. Hii nayo ataipeleka yeye barabarani na kutia salamu zake chini, kwa hiyo naandika habari za kabichi tu.

Habari ya kile kichwa kikubwa nimeisikia. Nilikuwa kama najua kabla hujaandika. Umesema hakuna cha kuokoa, basi usihangaike kuokoa. Sitakuja mjini tena kwa ajili hiyo. Usiniandikie zaidi juu ya kichwa kile, niandikie habari nyingine, za kiwanda, za watu wa Mafiga, chochote.

Mimi ni mzima.

Cecilia

Shemeji, shikamoo. Ile kabichi kubwa niliiweka mimi chini ya mzigo, zawadi yako, hata mwenzangu sikumwambia. Niliitunza tangu mche. Sikujua kama ndani imeharibika. Samahani sana. Ni mimi Bonifasi.


Mafiga
14 Desemba 1997

Mdogo wangu Cecilia,

Marahaba. Kwanza mwambie shemeji asiombe radhi, kabichi haikuwa na kosa na yeye hana kosa. Zawadi ni nia. Na wewe punguza hasira na biashara, mbona umeandika kama mtu aliyefiwa.

Sasa kaa chini. Fundi wa kabichi amekuja leo kutoka Dar. Ile kabichi yako yenyewe, ile tuliyoipima mara mbili, ameitazama kwa makini na majibu yake ni haya. Mara ya kwanza ilikuwa kumi na mbili. Sasa ni milimita tisa. Chini ya kumi, anasema, ni kabichi kama kabichi za watu wengine. Mzunguko wake unakwenda sawa na umri wake, haujaruka. Nikamuuliza kama naweza kulala usingizi, akasema nilale, lakini kabichi ikishavunwa ipimwe kila mwezi kwa futi ya kamba, kwa sababu ukuaji ndio unaosema kweli kuliko namba moja.

Nimecheka peke yangu getini mpaka mgonjwa mmoja akaniuliza kama na mimi nimekuja kutibiwa.

Vuna salama. Nenda kwa masista mapema, usingoje uchungu ukukute njiani kwenye tope.

Bwana kabichi,
Jastin


Nyandira
25 Januari 1998

Kaka Jastin,

Shikamoo. Barabara imekatwa na maporomoko tangu kabla ya Krismasi, lori halijapanda. Barua hii nimempa mama mmoja mchuuzi wa njegere anayeshuka kwa miguu mpaka Mzumbe. Naandika bila kabichi, maana sioni tena cha kuficha.

Mtoto amezaliwa, siku chache baada ya Mwaka Mpya. Wa kiume. Vijana walikuwa tayari kunibeba kwa machela mpaka zahanati ya masista, nikakataa, nikasema nitazalia hapahapa. Sikuona sababu ya kuwatesa watu kwenye tope kwa ajili ya mtoto ambaye ulishaniambia hakuna cha kuokoa. Alikuja upesi, akalia. Bibi Maria mkunga akasema mbona mzuri. Nikamwambia hata wa kwanza alikuwa mzuri.

Ananyonya. Nampa kwa sababu nisipompa matiti yanauma. Simtazami sana. Kichwa kwa sasa ni cha kawaida, lakini Raphael naye alianza hivihivi, kikaja kukua tukiwa tumeshamzoea. Safari hii sitaki kumzoea. Kila asubuhi nampima kwa uzi, na kila Jumapili natia fundo pale uzi ulipokutana. Nangoja kianze.

Hana jina. Mama mkwe akiuliza namjibu mjomba hajaleta. Hana kofia, na baridi ya huku unaijua, namfunika kwa khanga tu. Nguo zangu nimezifunga kwenye kitenge nimeziweka nyuma ya mlango, ili siku watakapokiona kichwa nisiwe mtu wa kungojwa.

Usinihurumie. Siumwi, silii, nalala vizuri kuliko nilivyolala mwaka mzima. Ndani ni kimya tu, kama nyumba waliyoihama watu. Bonifasi nadhani anajua. Siku ile aliposoma habari ya kichwa kikubwa uso ulimwanguka, akaikunja barua kabla ya salamu, na tangu hapo hajaniuliza kitu. Anafua nepi mtoni mwenyewe, wanaume wenzake wanamcheka, anarudi anazianika.

Cecilia


Mafiga
30 Januari 1998

Cecilia,

Kabichi ilikuwa kabichi.

Nisome polepole, na uisome hii mwenyewe. Barua ile ya mwanzo wa Desemba nilikuwa naandika habari za kabichi ya shambani, ya kuchemsha na nyanya. Majibu ya daktari yalikuwa bado. Bonifasi aliniwekea kabichi kubwa chini ya mzigo, zawadi, bila kukwambia, na mvua ikaiingia. Yeye mwenyewe aliniandikia hivyo chini ya barua yako, baada ya wewe kumaliza. Uso ulimwanguka kwa sababu ya kabichi yake. Mimi niliandika haraka juu ya boneti, nikasahau kabisa kwamba baina yangu na wewe kabichi si kabichi. Na uliponijibu nisihangaike kuokoa, nikadhani umechukia biashara. Nikakutania.

Majibu ya kweli ni milimita tisa. Tisa, Cecilia. Niliyaandika tarehe kumi na nne Desemba. Twalibu alikwama kwenye maporomoko, akarudi, barua ikabaki kwenye lori lake chini ya kiti mpaka leo nilipomwuliza. Nimemrudishia zote mbili. Anasema barabara ikikataa tena atazipandisha kwa miguu yake, na ameapa.

Tangu jana niliposoma barua yako sijala. Nakaa getini, watu wananiamkia, siwajibu. Umemzaa mtoto mzima kwa moyo wa msibani, na msiba wenyewe nimekuletea mimi. Unisamehe ukiweza. Kama huwezi sasa, ngoja, nitauliza tena.

Mtazame. Hilo tu nakuomba, mtazame.

Jastin


Nyandira
15 Februari 1998

Kaka Jastin,

Shikamoo. Barua zote mbili zimefika. Twalibu alizileta kwa miguu, viatu kaning'iniza shingoni.

Bahasha alikabidhiwa Bonifasi. Alifungua ya Desemba kwanza, akasimama mlangoni akaanza kuisoma kwa sauti, mama yake akiwa mekoni na mimi nimempakata mtoto. Akasoma habari za fundi wa kabichi kutoka Dar. Akasoma kumi na mbili. Akasoma milimita tisa. Hapo akaacha kusoma. Mama yake akamuuliza imekuwaje. Akasema, "Hesabu za soko tu, mama," akaikunja. Ya pili hakuifungua mbele yake. Akanipa ishara tutoke.

Nyuma ya nyumba akaniambia, "Mama Raphael, mimi nimezaliwa kwenye kabichi. Mkulima gani wa Mgeta anapima kabichi kwa milimita?"

Nikamweleza yote, picha ya kwanza, vistari viwili, maneno ya mama yake, na jinsi nilivyoisikia ile barua ya kile kikubwa. Aliposikia kwamba zawadi yake ndiyo niliyoivalia msiba, aliketi chini kwenye tope. Halafu akasema neno ambalo nililingoja tangu tulipomzika Raphael. Alisema, "Kichwa kikikua au kisikue, huyu ni wetu. Huendi popote." Akaingia ndani, akakifungua kile kitenge nyuma ya mlango, akazirudisha nguo zangu kwenye kabati bila kuzikunja. Alikuwa amekiona muda wote kile kitenge. Hakuwa na la kuniambia, nami nikahesabu kwamba amekubali.

Ungetaka nikwambie kwamba nilifurahi. Sikufurahi. Nilitaka kwenda kumwagilia karoti, mvua inanyesha, hakuna cha kumwagilia, nikasimama tu pale shambani. Kaka, mtoto huyu nilishamzika. Nilimzika kabla ya kumzaa, na nilikuwa nimemaliza matanga. Sasa ananitazama, ana macho ya mama yetu, na mimi sijui nimpende kuanzia wapi. Namwonea haya. Sina hasira na wewe, hata hiyo sina, ikija nitakuambia.

Halafu tisa ile ilipimwa akiwa tumboni. Sasa yuko nje, na hapa hakuna wa kupima. Nakutumia ule uzi. Fundo la kwanza karibu na ncha ni la Jumapili yake ya kwanza, mengine yanafuata. Mpe mtu anayejua.

Cecilia


Mafiga
23 Februari 1998

Mdogo wangu,

Nilimpelekea nesi Mwamvita uzi wako. Akaulaza mezani juu ya futi ya kamba, akausoma fundo kwa fundo, akatia nukta kwenye kadi ya watoto yenye ile mistari inayopanda. Fundo la kwanza ni sentimita thelathini na tano. La mwisho ni thelathini na nane. Nukta zote zimekaa katikati ya mistari, zinapanda nayo polepole, hakuna iliyoruka. Mtoto mwenye maji yanayojaa, amesema, nukta zake hupanda haraka zikaivuka mistari. Akaniuliza nani aliyepima. Nikasema mama yake. Akasema huyo mama ni mwangalifu sana. Sikumwambia ulikuwa unapima kwa ajili ya nini.

Amesema kichwa cha mtoto lazima kikue, kisipokua ndiyo shida nyingine. Barabara ikifunguka umlete wampime wenyewe, na uendelee kumleta, maana daktari bado haapi. Mimi pia sitaapa tena juu ya boneti.

Kwa kuwa umemwambia mama mkwe mjomba hajaleta jina, basi analeta. Ni Dominiko, la babu yetu, aliyekuwa na kichwa kikubwa kwa asili na hakuna kofia ya duka iliyomwenea, akaishi mpaka akatuchosha.

Uzi nimeubakiza kwangu.

Jastin


Nyandira
22 Machi 1998

Kaka Jastin,

Shikamoo. Greda limepita, Twalibu amepanda jana na lori tupu, leo anashuka na kabichi. Zote nimepakia mimi. Hakuna ya zawadi, Bonifasi anasema amekoma.

Tutakuja naye Jumatatu ijayo kupima. Mama mkwe amesema atatusindikiza mpaka barabarani. Sikumwomba.

Uzi mwingine sikutumii. Niliuliza ile sentimita thelathini na nane ni vitanzi vingapi vya kufuma, mwalimu jirani akanisaidia kupiga hesabu kwa rula yake ileile. Nimeishusha sufu juu ya kabati. Nilianza usiku nikasema nitafuma mstari mmoja nione kama mkono utakubali. Ukakubali. Dominiko alikuwa ananitazama, anacheka na sufu, na mimi nikajikuta namjibu.

Kofia imekwisha. Nimeifuma kubwa kidogo, ili apate nafasi ya kukua.

Mdogo wako,
Cecilia